Leva ya Kushoto

Mashine ile ilikuwa imepindishwa makusudi, na aliyejua hilo alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyeipindisha. Hata aliyekuwa akitembea nyuma yake kila asubuhi hakujua. Angejua, pengine asingekuwa na mdomo mrefu kiasi kile.

Aliyeipindisha alikuwa fundi wa uwanja wa mpira, mtu mkimya ambaye wenzake walimwita Grisi kwa sababu ya kucha zake, maana sabuni ilishazikatia tamaa zamani. Mwenye mashine, kama mtumishi anaweza kuitwa mwenye kitu cha kazini, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na jina lake pale lilikuwa Rula. Jina hilo hakupewa kwa kejeli. Alikata nyasi kwa mistari iliyonyooka kutoka goli hadi goli, mmoja umekolea, mmoja umefifia, mpaka watu waliokaa juu kwenye majukwaa waliuliza kama amepima kwa kamba. Hakuwa na kamba. Alitazama mbele, akasukuma leva mbili, vile vishikio vya kuendeshea mashine, akatembea.

Mashine yenyewe ilikuwa kubwa, ya kazi, siyo zile za kuzungushwa kwenye ua wa nyumba. Injini ilizungusha pampu mbili kwa mkanda, kila pampu ikasukuma oili kwenye gurudumu lake, na kila pampu ilikuwa na leva yake. Mkono wa kulia uliamrisha gurudumu la kulia, mkono wa kushoto la kushoto. Bila mikono miwili inayosukuma sawasawa, mashine ya namna hiyo huenda inakotaka yenyewe. Na Rula, tangu mwaka uliopita, hakuwa na mikono miwili iliyo sawasawa.

Kiharusi kilimpitia. Kidogo tu, daktari alisema, cha kuonya. Kilimkuta anafunga viatu, kikamwachia mdomo na akili yake yote, kikaondoka na nguvu za mkono wa kushoto. Alikaa nyumbani akifinya mpira wa watoto kama alivyoelekezwa, kisha akachoka kufinya, akatangaza kwamba amepona. Ukweli ni kwamba alisikia meneja ameanza kuulizia mtu mwingine wa kushika mashine.

Kabla hajarudi kazini, dada alimfuata Grisi karakana. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao afe. Alimpiga, akamwogesha, akamwachia mnofu wake wakati wote wawili walikuwa na njaa. Alisimama mlangoni bila kuingia, akiogopa kuchafua gauni.

"Mdogo wangu, umwangalie shemeji yako. Ule mkono bado."

"Nitamwangalia."

"Akiaibika mbele za watu, yule atakufa kabla ya siku zake. Unamjua."

Alimjua vizuri. Baada ya dada kuondoka, Grisi aliizungukia mashine mara kadhaa, kisha akaichuchumalia upande wa kushoto. Fimbo inayounganisha leva na pampu alichomoa pini yake, akaihamishia kwenye tundu la juu, ili leva ikisukumwa kidogo tu oili iende nyingi. Springi ngumu inayorudisha leva akaitoa, akaweka nyingine laini aliyoiokota kwenye mashine iliyokufa. Ile ngumu akaitia kwenye kopo, akaliweka juu ya kabati. Alipoijaribu kwa mikono yake mizima, mashine ilikimbilia kulia. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kwa mtu mwenye mkono wa kushoto uliolegea, hapo ingekwenda mbele moja kwa moja.

Hakumwambia dada, kwa sababu dada hakuwa na siri kwa mumewe. Na shemeji hakumwambia kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kazi yote.

Rula akarudi, akakata, mistari ikanyooka. Aliuinua mkono wake wa kushoto, akautazama mbele ya wafanyakazi wote kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyefaulu.

"Mmeona? Madaktari wanataka kutisha watu tu. Umerudi wenyewe huu!"

Tangu siku hiyo hakumruhusu mtu kuigusa mashine. Wafagiaji wa majukwaa waliomba kujaribu, akawafukuza. Grisi peke yake ndiye aliyeitoa na kuiingiza karakana, na yeye alijua jinsi ya kuishika isimvute.

Mtu akipona kwa miujiza, huwa anapata na ulimi mpya. Rula alianza kuwacheka wanaougua. Aliyekohoa aliitwa maiti mtarajiwa. Mchora mistari ya uwanja, ambaye mgongo ulimsumbua, aliambiwa anajipendekeza kwa maumivu. Grisi alisikia yote hayo akiwa chini ya mashine, na wakati mwingine alicheka peke yake. Alikuwa na raha fulani ya kujua kwamba majivuno yote yale yamening'inia kwenye springi laini. Alijihesabu mtu mwema kwa kunyamaza.

Kisha ikaja habari ya wakaguzi. Wangekuja kuamua kama uwanja unafaa kwa mechi kubwa, na meneja, mwanamke asiyecheka ovyo, aliwakusanya wafanyakazi karakana saa ya chakula. Alitaka kila kitu king'ae, na alitaka nyasi zikatwe wakaguzi wakiwa wamekaa, wajionee wenyewe. Grisi akainua mkono. Alisema mashine iingie matengenezo kwanza, oili imechoka, filta haijabadilishwa, mkanda unateleza.

Rula alikuwa anakula. Hakupenda kuambiwa kwamba mashine yake inachoka.

"Mwacheni shemeji aishike shike," alisema akitafuna. "Nyumbani hana cha kushika."

Watu wakacheka kidogo. Mke wa Grisi alikuwa ameondoka, hilo kila mtu alilijua, na walishazoea utani huo. Grisi naye alitabasamu kama alivyotabasamu siku zote. Rula angeishia hapo, mambo yangeisha hapo. Lakini kicheko kile kilikuwa kidogo mno kwa Rula.

"Mnafikiri mke alimkimbia kwa nini? Hamjui hospitali walimwambiaje? Pampu inazunguka vizuri kabisa. Oili ndiyo haifiki!"

Watu walimeza tonge kwanza. Halafu karakana nzima ikalipuka. Mchora mistari aliinama akajishika mgongo wake mbovu, machozi yakamtoka. Wafagiaji walipigana mabega. Meneja alisema "Jamani, jamani," lakini alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Majibu yale ya hospitali Grisi alimwonyesha mtu mmoja tu duniani. Alimwonyesha akiwa amekaa sakafuni jikoni kwake, analia, na yule mtu akamshika kichwa, akamwambia yataishia hapa hapa baina yetu. Sasa yalikuwa yanatafunwa pamoja na chakula cha mchana. Alimchukia Rula, ndiyo, lakini chuki hiyo ilikuwa ya zamani, ya kidogo kidogo. Chuki mpya ilikuwa kwa dada, aliyemwonyesha majibu yale.

"Iingie matengenezo," meneja alisema alipoweza kusema. "Uifanye vizuri, fundi."

Aliifanya vizuri. Hilo hakuna anayeweza kumnyima. Aliosha mashine kwanza mpaka rangi yake ikaonekana, maana uchafu ukiingia kwenye tangi la oili unakula pampu. Alimwaga oili ya zamani, nyeusi, akabadilisha filta, akajaza mpya mpaka kwenye alama. Mkanda aliukaza mpaka ukabonyea kidogo tu kwa kidole gumba. Visu alivinoa, akavipima kwa kuvining'iniza kwenye msumari ukutani, upande mmoja usiwe mzito kuliko mwingine. Kisha akainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akaweka stendi, akawasha injini na kuzipeleka leva mbele na nyuma, mbele na nyuma, ili hewa itoke kwenye oili. Mwanzo pampu zililia kama mlango mbovu. Taratibu kelele ikapungua, magurudumu yakazunguka hewani bila kusitasita, na karakana ikajaa mngurumo laini ambao siku zote ulimtuliza. Siku hiyo haukumtuliza.

Alizima. Akachukua kiti, akapanda, akalishusha lile kopo kutoka juu ya kabati.

Springi ngumu ilikuwa humo humo, na vumbi kidogo. Aliifuta kwa kitambaa. Alijiambia kwamba anafanya kazi aliyoagizwa. Mashine inapotengenezwa inarudishwa ilivyotoka kiwandani, ndiyo maana ya neno kutengeneza. Nani aliwahi kushitakiwa kwa kunyoosha kitu? Aliweka springi, akarudisha fimbo kwenye tundu lake la chini, akapiga pini. Akaitoa nje, akasukuma leva zote mbili kwa nguvu moja, na mashine ikaenda mbele kama imefuata uzi. Haikuwahi kuwa nzuri namna ile. Alinawa mikono, akaenda nyumbani, akalala usingizi mzuri.

Wakaguzi walikuja asubuhi, wamevaa miwani ya jua, wakaketishwa jukwaani na chai. Rula alitoka na ovaroli aliyopigiwa pasi na mkewe. Glovu zake alizivaa polepole, kidole kimoja kimoja, kama daktari wa upasuaji. Aliwapungia wenzake waliojipanga ukingoni, akashusha visu, akasukuma leva.

Mashine ikaondoka, na hatua chache mbele ikaanza kwenda kushoto.

Aliirudisha. Ikaenda kushoto tena. Akapunguza mkono wa kulia ili ilingane, mashine ikazubaa katikati ya njia, akasukuma tena kwa hasira na ikaruka upande ule ule. Mstari wa kwanza ulifika golini umepinda mara tatu. Aligeuza, akajaribu kuufunika kwa mstari wa pili, na wa pili ukaula wa kwanza. Kutoka ukingoni ilionekana kama mtu anamburuta mlevi. Mkaguzi mmoja aliweka kikombe chini akavua miwani ili aone vizuri.

"Rula imepinda!" alisema mfagiaji mmoja, na wengine wakacheka. Hawakuwa wabaya kuliko watu wengine. Ni kwamba walikuwa wamefundishwa kucheka na yeye mwenyewe.

Katikati ya uwanja mkono wa kushoto ulimwishia. Uliachia leva, na mashine ikajizima, kama inavyojizima mshikaji akiachia. Rula hakuitazama mashine hata kidogo. Alivua glovu kwa meno, akauinua mkono wake, akaanza kufungua na kufunga vidole mbele ya uso wake. Alifungua, akafunga. Kisha akaketi kwenye nyasi pale pale, mbele ya wakaguzi, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Grisi alikuwa ameegemea mlango wa karakana. Alikuwa ameisubiri aibu hiyo, ameitamani, na ilipofika ilimwingia tamu kooni. Utamu ule ulidumu mpaka alipomwona Rula akijishika uso kuhakikisha kama mdomo wake nao umekwenda upande.

Meneja hakuwa na moyo mbaya, alikuwa na uwanja wa kulinda. Alimpumzisha Rula siku ile ile na mashine akamkabidhi fundi. Hospitali walimpima Rula kutwa nzima. Daktari alisema hakuna kiharusi kipya, mkono uko vile vile, na kwa kweli una nafuu kuliko mwaka jana. Rula alimsikiliza, akaitikia, na alipotoka nje akamwambia mkewe kwamba wameshaamua kumficha. Kama uko vile vile, juzi ulikuwa unakata nyasi na leo hauwezi, hapo kuna nini kama si mauti yanayokuja kwa awamu?

Hakufinya tena mpira. Aliufunga mkono kifuani kwa kitambaa, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Grisi alipokwenda kuwaona, alimkuta dada anamfunga mumewe vifungo vya shati, na Rula ametazama ukutani. Mkono wenyewe, uliokuwa umelegea tu, sasa ulikuwa umeanza kukauka. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kitambaa.

Dada alimsindikiza mdogo wake mpaka nje.

"Wewe ulikuwa naye kila siku," alisema. "Alikuwa anakata vizuri kweli, au walikuwa wanamdanganya?"

"Alikuwa anakata vizuri."

"Sasa mashine ilikuwa na nini siku ile?"

"Haikuwa na kitu, dada. Nilikuwa nimetoka kuitengeneza."

Hakuongopa hata neno moja. Dada alitikisa kichwa, akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akamshika mkono kama alivyomshika zamani akimvusha barabara.

"Nakuomba kitu kimoja. Mpe ajaribu tena. Asubuhi, kiwanja cha nyuma cha mazoezi, watu wasimwone. Akiweza hata mstari mmoja, najua atainuka kwenye kile kiti. Asipoweza, basi, tutajua."

Angekataaje? Alikubali.

Siku yenyewe alifika karakana mapema kuliko kawaida. Aliwasha taa, akachukua spana, akachuchumaa upande wa kushoto wa mashine. Ilikuwa kazi ndogo. Pini moja, tundu moja, springi moja. Ile laini alikuwa ameitia kwenye kopo lile lile. Kabla chai haijapoa mashine ingekuwa imepinda tena, Rula angetembea mbele moja kwa moja, angelia, angecheka, angerudi kuwa mtu wa kuudhi. Na Grisi alilitaka hilo. Usiku kadhaa alikuwa amemwona kichwani mwake shemeji yake akifungua na kufunga vidole, na hakupata tena usingizi ule mzuri.

Alishika pini. Halafu akafikiri hatua ya pili, na hapo ndipo alipoharibikiwa. Ikienda sawa leo, Rula atauliza kwa nini siku ile haikwenda. Mtu hafi mkono Jumatatu akafufuka wiki nyingine. Atauliza nani aliigusa mashine baina ya hapo, na hakuna aliyeigusa ila mmoja. Atamwambia mkewe. Atamwambia meneja. Na dada atajua kilichofanyika karakana, ile springi, na ule usingizi mzuri.

Geti lililia. Grisi akasimama, akairudisha spana kwenye msumari wake.

Waliingia wote wawili, Rula mbele, mkono umefunguliwa kitambaa na umevikwa glovu. Alikuwa amenyoa ndevu. Dada alibaki getini ili asimtie haya. Rula aliigusa mashine kwenye kifuniko cha injini, kisha akamgeukia Grisi na kusema kwa sauti ya chini, bila kutafuta pa kuchekesha:

"Shemeji, lile neno nililosema hapa siku ile. Dada yako aliniapisha nisilitoe, nikalitoa. Nimekaa kwenye kile kiti nikaona labda ndilo lililoniua mkono. Unisamehe."

Lilikuwa ndilo neno ambalo Grisi alikuwa amelitaka kuliko kitu chochote. Amelipata, tena bila kulazimisha. Spana ilikuwa pale ukutani, karibu na bega lake. Angeweza kusema, ngoja shemeji, kuna pini haijakaa vizuri, kaa hapo kwenye kiti. Wala Rula asingeuliza kitu, siku hiyo angekaa popote alipoambiwa.

"Yameisha, shemeji," Grisi alisema. "Chukua. Iko tayari."

Ilikwenda kushoto. Kwenye kiwanja cha nyuma hapakuwa na kicheko, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu kila kitu kilisikika. Ilisikika pumzi ya Rula, ikasikika leva ikimrudi mkononi, na mashine ikasikika ilipoparuza uzio. Alijaribu mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne hakujaribu. Aliachia, ikajizima, akasimama akiwa amewapa mgongo.

"Haya," alisema hatimaye. "Nilitaka kujua tu. Sasa sitamsumbua tena mtu."

Alivua glovu, akampa Grisi zote mbili. "Bado nzima hizo. Mimi sina kazi nazo."

Dada alikuja mbio kutoka getini. Alimfunga mumewe mkono kwa kile kitambaa, fundo likakaa vizuri kwa sababu alishazoea, kisha akamshika mdogo wake shavu kwa kiganja.

"Asante, baba. Umemtendea wema. Wengine wasingekubali."

Waliondoka polepole, mke upande wa kushoto. Grisi alisubiri mpaka geti likafungwa. Aliziangalia zile glovu. Ya kulia ilikuwa imelika kiganjani mpaka uzi ukaonekana. Ya kushoto ilikuwa karibu mpya, haikuwahi kusukuma kitu kizito, na duniani alibaki mtu mmoja tu aliyejua sababu. Alizivaa, zikamtosha. Jua lilikuwa limeanza kupanda na uwanja mkubwa ulikuwa unamsubiri, akawasha mashine, akasukuma leva zote mbili kwa nguvu moja, na kutoka goli hadi goli mstari ulinyooka.